Ringworld: Dunia Imejengwa, Teela Ameachwa | Uchambuzi kutoka Kigoma

Mwakeye wana Kigoma, na wengine wote mnaotutazama kutoka mbali, hamjambo? Leo mezani nina hiki hapa. Ngoja nikisogeze kwenye kamera mkione vizuri. Ringworld, cha Larry Niven, Mmarekani. Kimetoka mwaka 1970, kikazoa tuzo kubwa za riwaya za kisayansi, Hugo na Nebula zote mbili. Nakala hii ni ya mtumba, nimeagiza Dar nikatumiwa kwenye basi, kurasa zimeshakuwa kahawia na maandishi ni madogo, lakini gundi bado imeshika.

Naanza na hukumu ili mwenye haraka aende zake. Kisome. Kisome kwa ajili ya dunia yake, maana mwandishi ameijenga mpaka unatamani kuchukua begi uende. Ila kwa watu wake, na hasa kwa wanawake wake, jiandae kukasirika. Mimi nimekasirika, na nimekifurahia, na sioni sababu ya kuchagua kimoja kati ya hayo mawili.

Tuanze na dunia, maana hapo ndipo penye raha.

Nina ukili hapa. Ule wa kushonea mikeka, mmoja mrefu. Nauviringisha hivi, ncha kwa ncha, nausimamisha mezani kwa ubavu wake, na katikati naweka mshumaa. Mmeona? Mshumaa ni jua. Ukili ni ardhi. Watu wanaishi upande wa ndani, huu unaomulikwa. Hakuna sayari hapo. Kuna pete moja tu, imelizunguka jua lake kwa umbali unaokaribiana na ule uliopo kati yetu na jua letu, yaani kama kilomita milioni 150.

Sasa vipimo. Upana wa ukili huu, katika kitabu, ni kama kilomita milioni 1.6. Treni ya reli ya kati kutoka Dar mpaka hapa Kigoma inapita kama kilomita 1,250, na kila aliyeipanda anajua ile safari inavyochosha. Kukata upana tu wa pete ni safari hiyo zaidi ya mara 1,200. Huo ni upana, sijagusa urefu wa kuizunguka, ambao unapita kilomita milioni 900. Eneo la kuishi ni karibu mara milioni tatu ya uso wa dunia yetu.

Ukiuliza watu wanakanyagaje ardhi wasielee, jibu ni kwamba pete inazunguka, kwa kasi ya kama kilomita 1,240 kwa sekunde. Kila kitu kilicho upande wa ndani kinabanwa kwenye sakafu kwa nguvu inayokaribia kabisa uzito tunaousikia hapa. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne mnaonitazama, kokotoeni wenyewe: geuzeni kwanza kilomita ziwe mita, kasi ipigeni kipeo cha pili, gawanyeni kwa nusu kipenyo, mtapata kitu cha karibu na 10, namba ileile ya mvuto wa hapa duniani. Nilipokokotoa nikapata nilisimama nikatembea sebuleni, jamani. Maana mwandishi angeweza kutaja namba yoyote na wasomaji wengi wangepita. Yeye kaweka inayofanya kazi.

Hewa nayo haivuji, kwa sababu kingo za pete zina kuta zinazopanda kama kilomita 1,600 kwenda juu. Paa hakuna. Kuta na mzunguko vinatosha kuituliza. Usiku unatoka wapi, ikiwa jua liko utosini daima? Ndani ya pete kubwa kuna mabamba makubwa 20 yanayolizunguka jua kwa karibu zaidi, yamefungwa pamoja, na kivuli chake kikipita juu yako ndio usiku wako. Jua halizami hata siku moja. Linafunikwa, halafu linafunuliwa.

Na kuna jambo moja dogo ambalo nimelirudia kulisoma mara nyingi. Wasafiri wanaikaribia pete kwa nyuma, upande wa gizani. Wanakuta sakafu si laini. Ina mabonde na vinundu. Kumbe kila bahari iliyopo juu inaonekana chini kama uvimbe, na kila safu ya milima inaonekana kama shimo. Waliojenga pete waliikunja sakafu yenyewe kuwa umbo la nchi, wakamwaga udongo juu. Kwa hiyo mtu akiwa nyuma anaisoma ramani nzima kwa kinyume, kabla hajaona jani hata moja. Hapo ndipo unajua uko mikononi mwa fundi.

Twende kwenye upeo wa macho, maana hapa sisi wa Kigoma tuna faida. Panda Bangwe siku mvua imetoka kunyesha na hewa imesafika. Unaiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, umbali wa kilomita 50 hivi. Lakini ufukwe wao huuoni, unaona vilele. Boti ya dagaa ikienda mbali sana, mwili unatangulia kupotea. Dunia imejikunja, na maji yamejikunja nayo. Kwenye pete ni kinyume. Ardhi haikwepi chini, inapanda. Ungeona ufukwe wa ng'ambo, na nyuma yake nchi, na nyuma yake nchi nyingine, mpaka hewa yenyewe iwe nzito usione. Halafu juu ya ule ukungu, utosini, unaona tao jembamba linavuka mbingu yote, lina mistari ya mchana na usiku. Hilo tao ni dunia yako mwenyewe, upande wa pili wa jua.

Wenyeji hawajui. Hapo ndipo Niven amenikamata kabisa. Wenyeji wamesahau kwamba wanaishi ndani ya pete. Wanaona bapa la ardhi lisilo mwisho na tao juu yake, wamelifanyia dini. Yumo mtu mmoja, shujaa wa upanga, anatembea miaka na miaka kwenda kutafuta mahali tao linapogusa ardhi. Mnaelewa uchungu wake? Kila akipiga hatua, mguu wa tao unasogea hatua moja mbele. Imani ya watu imetoka moja kwa moja kwenye umbo la nchi yao. Waandishi wengi wanabuni dini kwa kubandika majina mageni. Huyu ameichomoa kwenye jiometri.

Na kwa nini wamesahau? Ustaarabu wao ulianguka, umeme ukakatika, miji iliyokuwa ikielea angani ikadondoka. Hapo mwandishi anauliza swali ambalo sikulitarajia: kwa nini hawajajenga upya? Kwa sababu huwezi kuchimba. Sisi tukichimba tunapata. Wahenga wetu huku walifua chuma, na Uvinza wamechemsha chumvi ya chemchemi tangu zamani za kale. Kwenye pete unachimba udongo kidogo, unakutana na sakafu ngumu kuliko kitu chochote, na ng'ambo ya sakafu ni anga tupu. Hakuna madini. Hakuna makaa ya mawe. Kilichoachwa na mababu kikiisha, kimeisha. Dunia kubwa mara milioni tatu kuliko yetu, na ndani yake hamna jiwe moja la chuma la kuanzia.

Yapo na maua ya vioo, nitayasema kwa ufupi. Kila ua lina kikombe cha kung'aa, na shamba zima linageuka kwa pamoja kumlenga mnyama anayepita, mwanga unakusanyika, anaungua, majivu yake ndiyo mbolea. Mimea inayolima. Sura hiyo msiisome kabla ya kulala.

Haya. Watu.

Msafara una wanne. Louis Wu ni binadamu, anatimiza miaka 200 mwanzoni mwa kitabu, dawa za kurefusha maisha zinamfanya aonekane kijana. Nessus ni wa jamii yenye vichwa viwili na miguu mitatu, na kwao uoga ndio hekima ya juu kabisa. Kiongozi wao mkuu wanamwita wa nyuma kuliko wote, kwa sababu aliye mbele ndiye anayekufa kwanza. Nessus amekubali kusafiri, kwa hiyo kwao anahesabiwa kichaa. Wa tatu ni paka mkubwa, mrefu wa karibu mita mbili na nusu, wa jamii ya wapiganaji, na jina lake ni cheo chake: Msemaji kwa Wanyama. Wanyama ndio sisi. Hawa wawili nimewapenda. Wakibishana, unasikia kabisa kwamba kila mmoja ametoka kwenye historia ndefu ya watu wake.

Wa nne ni Teela Brown. Ana miaka 20. Ndiye mwanamke pekee katika chombo. Amechukuliwa kwa sababu ana bahati, na si bahati ya mdomoni: jamii ya Nessus, kwa siri, ilipanga bahati nasibu ya haki ya kuzaa duniani kwetu, ili vizazi kwa vizazi vya washindi vizae mtu ambaye bahati iko kwenye damu. Teela ndiye zao lake. Hajawahi kuumia. Hajawahi kuvunjika moyo kwelikweli. Hajui maumivu ni nini.

Ndugu zangu, fikirieni wazo hilo lilivyo kubwa! Mtu ambaye hajawahi kuumia anafikirije? Anahurumiaje? Akiona mwenzake analia anaona nini? Kitabu kizima kingeweza kukaa ndani ya kichwa cha huyo binti. Na mwandishi anafanya nini naye? Anamlaza kitandani kwa mzee wa miaka 200. Anampa maswali ili Louis apate kueleza. Wanaume na viumbe wanakaa wanamjadili, bahati yake inafanya hivi, bahati yake ilitaka vile, naye yuko palepale na hakuna anayemgeukia amuulize, wewe unaonaje. Hata penzi lake na Louis linakuja kuelezwa kwamba huenda bahati yake ndiyo iliyolipanga, na Louis anaumia kwa ajili ya nafsi yake.

Halafu kuna Prill. Anayekaribia kukisoma, ruka dakika hii kama hutaki kuharibiwa. Prill ni wa kabila la wajenzi wa miji, alikuwa kwenye chombo cha angani, karudi nyumbani akakuta ustaarabu wote umekufa. Ameishi karne nyingi kwa dawa, peke yake, ndani ya jengo linaloelea, akijifanya mungu mbele ya wenyeji ili wamlishe. Huyo mwanamke ni shahidi. Ndiye anayekumbuka miji ilipokuwa na taa. Mimi ningemkalisha chini nimuulize mpaka asubuhi. Mwandishi anatuambia kwamba kazi yake chomboni ilikuwa kuwastarehesha mabaharia wanaume, na tangu hapo ustadi wake wa kitandani ndio unaoandikwa kwa makini kuliko kumbukumbu zake. Na utashi wake unachezewa kwa kifaa kinachochochea raha ubongoni.

Tena subirini, hilo bado. Wale paka wapiganaji, majike yao hayana akili, yanaishi kama mifugo. Jamii ya Nessus nayo, yule wanayemwita jike hana fahamu, ni mwili wa kubebea mimba tu. Mwandishi amekaa mezani, hana mipaka, anaweza kubuni jamii yoyote ya viumbe, na katika jamii hizi mbili alichobuni ni majike wasiofikiri. Ukikiona mara moja utasema ni bayolojia ya ajabu. Mara ya pili, ukiunganisha na Teela na Prill, unaona mkono uleule ukichora mstari uleule.

Najua kuna kaka watakaoandika chini hapo: shangazi, hicho ni kitabu cha 1970, nyakati zilikuwa hivyo. Nimelipima hilo kwa dhati, kwa sababu mimi pia sipendi kumhukumu mtu kwa sheria zilizotungwa baada yake. Lakini mwaka 1969, mwaka mmoja kabla, Ursula K. Le Guin, Mmarekani vilevile, alitoa The Left Hand of Darkness, kuhusu sayari ya baridi ambayo watu wake hawana jinsia ya kudumu. Mtu yuleyule anaweza kuwa baba wa mtoto huyu na mama wa yule. Nacho kilichukua Hugo na Nebula. Wasomaji walewale, tuzo zilezile, mwaka unaofuatana. Kwa hiyo nyakati zilikuwa na nafasi. Kiti kilikuwepo, Niven hakukikalia.

Na sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niwashe kamera. Watu wengi wakichambua kitabu hiki wanasema dunia safi, wahusika dhaifu, basi, wanatenganisha kama mchele na pumba. Mimi nadhani udhaifu huo umo ndani ya ujenzi wa dunia wenyewe. Kujenga dunia ni kujiuliza: nikibadilisha hiki, nini kingine kinabadilika? Niven alijiuliza hivyo kwa jua, akapata mabamba ya kivuli. Alijiuliza kwa upeo wa macho, akapata dini. Alijiuliza kwa udongo, akapata ustaarabu usioweza kufufuka. Alipofika kwa wanawake hakujiuliza. Watu wanaishi miaka 200, wanasafiri kwa vibanda vinavyowahamisha bara hadi bara kwa kufumba na kufumbua, haki ya kuzaa ni ya bahati nasibu, na mwanamke bado anasubiri aelezwe? Uzazi ukibadilika kiasi hicho, ndoa inabaki vipi? Mama wa miaka 180 na binti wa miaka 150 wanaongea nini jikoni? Hayo ni maswali ya ujenzi wa dunia sawasawa na kasi ya pete, na kwenye kurasa zake sikuyakuta.

Tena tunajua jinsi alivyochukua kosa la fizikia. Pete ngumu inayozunguka nyota haitulii. Ikisogea kidogo tu, upande uliokaribia jua unavutwa zaidi, unazidi kusogea, mpaka inagonga. James Clerk Maxwell alishalionyesha hilo mwaka 1859 akichunguza pete za sayari ya Zohali: pete ngumu isingedumu. Basi mwaka 1971, kwenye mkutano mkuu wa wapenzi wa riwaya za kisayansi kule Boston, wanafunzi wa chuo cha MIT walipita kwenye kumbi wakiimba kwamba pete haijatulia! Niven akaenda akaandika kitabu cha pili, The Ringworld Engineers, ambamo tunajua kwamba kwenye kuta kulikuwa na injini za kuirudisha pete mahali pake. Na injini hizo zimeibwa. Wajenzi wa miji walizing'oa wakazifunga kwenye vyombo vyao vya angani. Watu waling'oa kitu kinachozuia dunia yao isianguke, kwa ajili ya safari zao. Sisi tulioona vyuma vya miundombinu ya umma vikiuzwa kama chuma chakavu tunaisoma sura hiyo kwa uchungu wetu.

Mnaona alivyo? Kosa la fizikia likampa hadithi bora kuliko ya kwanza. Hiyo ndiyo inayoniuma. Mtu mwenye uwezo wa kugeuza kosa likawa kitabu kizima angeweza kurudi kwa Teela kwa bidii ileile. Katika kitabu cha pili Teela yumo, sitasema vipi, lakini msitarajie kwamba mmepata mtu wa kukaa naye. Na humo kuna desturi ya makabila ya pete ya kutia muhuri makubaliano kwa kulala pamoja, ambayo kwa kiasi kikubwa imekuwa njia ya kumpatia Louis wanawake.

Sasa mtaniuliza ninakifurahiaje. Nakisoma kwa sauti mbili. Moja inashangaa, nyingine inadai. Nikifika kwenye tao naacha moyo uende. Nikifika kwa Teela nasimama, najiuliza yeye anaona nini sasa hivi, nasoma ukurasa upya kutoka alipokaa. Na amini usiamini, kuna hadithi pale. Ukiufuata mnyororo wa bahati mpaka mwisho, unakuta kwamba huenda safari nzima, chombo, ajali, vifo walivyoponea, imepindwa ili yeye afike mahali fulani. Wanaume watatu, kama nitamhesabu Nessus, wamedhani wanaongoza msafara, na aliyekuwa akiuvuta ni binti waliyemdharau. Mwandishi amelifikia wazo hilo. Amempa bahati hiyo nguvu zote na Teela mwenyewe hakumpa sauti.

Nina mabinti darasani wanaopenda fizikia kuliko wavulana wengi. Nilijiuliza kama niwape kitabu hiki. Nimeamua nitawapa wa kidato cha tano na sita, wakubwa wenye umri wa kujua mambo ya kitandani, kwa sababu kuwanyima pete ni kuwadhulumu. Lakini nitawapa pamoja na cha Le Guin, vikae mkononi pamoja. Kwa wadogo, hapana, subirini kidogo.

Mambo ya bidhaa, haraka. Nimekisoma kwa Kiingereza. Lugha yake si ngumu, sentensi ni fupi, ila maneno ya kubuniwa ni mengi mwanzoni. Vumilia mpaka wafike kwenye pete. Ukipata toleo la mwanzo kabisa, la kwanza, utaona Louis akirefusha siku yake ya kuzaliwa kwa kuruka kutoka mji hadi mji akielekea upande usio sahihi, kana kwamba dunia inazunguka kinyume. Matoleo ya baadaye yamerekebishwa, na wakusanyaji wanalitafuta lile lenye kosa. Vijana mliocheza Halo, ule mchezo wa video, umbo la pete mtalitambua mara moja, lakini msitarajie mapigano ya kila ukurasa. Hapa ni safari ndefu na mabishano.

Alama: dunia naipa tisa kwa kumi. Viumbe wale wawili, nane. Binadamu, nne. Wanawake, moja, na hiyo moja ni ya Prill kwa miaka aliyokaa peke yake mule ndani, ambayo mwandishi ameitaja na kuiacha.

Nakala yangu naiazimisha. Wa Mwanga, Ujiji na Gungu njooni shuleni baada ya vipindi, jina linaandikwa kwenye daftari, na usikunje kona za kurasa tafadhali. Chini hapo niandikieni mmoja mmoja: mngekuwa na Prill kwa jioni moja, mngemuuliza nini kwanza? Video ijayo ni The Left Hand of Darkness, na humo pia nina malalamiko yangu.